Aliwekewa Mikono Mara Mbili



Kuna Injili moja fupi inayosomwa siku ya kazi, Jumatano ya Juma la 6 la Mwaka, kwa hiyo wengi wetu hatuisikii kanisani hata mara moja. Ni Marko 8:22-26. Mistari mitano tu. Pale Bethsaida watu wanamletea Yesu kipofu na kumsihi amguse. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtia mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu bila kupamba: anaona watu, lakini wako kama miti, miti inayotembea.

Yaani amepona nusu.

Fikiria sisi tungefanyaje. Tungepiga vigelegele, tungempa kipaza sauti atoe ushuhuda, tungemwambia aseme anaona vizuri ili asimwaibishe mwombeaji. Yesu hafanyi hivyo. Anaweka mikono tena, na safari hii mtu yule anaona kila kitu sawasawa. Marko peke yake ndiye aliyeandika habari hii, na sioni kwingine katika Injili ambapo Yesu anamgusa mgonjwa, anauliza matokeo, halafu anarudia kazi. Hakuna anayeambiwa kwamba imani yake ni ndogo. Hakuna anayelaumiwa kwa kuona miti.

Shika hiyo, tutairudia. Sasa twende nyumbani.

Sisi tunaokaa Ngara na Biharamulo tunajua habari ya kiharusi inavyofika. Bibi ameamka salama, amekwenda kufagia uani, mara fagio linaanguka. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia hauna nguvu. Anaitwa, anajibu sauti isiyo maneno. Kama nyumba iko mlimani, na kwetu Ngara nyumba ipi haiko mlimani, inatafutwa machela, au bodaboda: bibi anakaa katikati, nyuma yake mjukuu amemkumbatia asidondoke. Mkifika Murgwanza, au Rulenge, au Biharamulo, mnakuta presha imepanda sana. Zinapita siku kadhaa. Mungu ni mwema, bibi hafi. Anaruhusiwa.

Mnarudi naye nyumbani, majirani wanakuja, jumuiya inakuja, tenzi zinaimbwa, watu wanasema "pole, Mungu ni mkubwa". Baada ya wiki mbili uani hakuna mtu. Bibi yuko chumba cha nyuma, juu ya godoro, ameelekezwa ukutani. Mwulize mtu yeyote wa nyumba hiyo, "Bibi anaendeleaje?" Atakwambia, "Yupo tu."

Nataka kuzungumzia hilo "yupo tu". Kwa sababu wakati ule ule tunaosema yupo tu, ndani ya kichwa cha bibi kuna kazi kubwa inayosubiri kuanza, na haiwezi kuanza bila mikono ya mtu. Mtu mwenyewe, mara nyingi, ni wewe.

Wizara ya Afya ina neno zuri kwa kazi hiyo: utengamao. Linatokana na kutengamaa, kukaa sawa tena baada ya kuyumba. Ni fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, ni kujifunza tena kula na kuvaa, ni kujifunza tena kusema. Mgonjwa ameponea kufa, sasa anatengamaa.

Inakuwaje mkono uliokufa ganzi urudi? Kiharusi kinatokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu inakufa. Ile iliyokufa haifufuki, tuseme ukweli. Lakini sehemu zilizo hai zinaweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa. Ni kama mvua za masika zikibomoa daraja. Siku ya kwanza watu wanasimama wanashangaa. Kisha mmoja anazungukia bondeni, anakanyaga majani. Kesho wanapita watatu. Baada ya mwezi kuna njia ya mguu, na baada ya mwaka pikipiki zinapita hapo. Njia haikuchimbwa kwa siku moja wala na mtu mmoja, imetokana na kukanyagwa tu. Ubongo ndivyo unavyofanya. Mkono ukijaribu kushika kikombe mara moja, hakuna njia. Ukijaribu mara mia, na kesho mara mia, njia inaanza kuonekana. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi, ingawa hata baadaye mlango haufungwi. Sasa ona: hiyo miezi mitatu ndiyo hiyo hiyo ambayo kwetu bibi anakuwa ameelekezwa ukutani.

Utasema, "Hiyo si kazi ya wataalamu?" Ndiyo, na uwatafute. Wakati wa kuruhusiwa, usiondoke hospitalini hujauliza kama kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo na lini mrudi. Ikibidi rufaa, kuna Chato, kuna Bugando kule Mwanza, ambayo ni hospitali ya Kanisa letu. Lakini wataalamu hawa wilayani ni wachache, na nauli unaijua. Hata aliye Dar es Salaam hakai na mtaalamu mchana kutwa. Mtaalamu anakuonyesha, mwenye kukanyaga njia kila siku ni mtu wa nyumbani.

Basi ngoja niseme mambo ya nyumbani, maana mahubiri yakikosa uji na godoro yanabaki hewani.

Bega la upande uliopooza ni kitu cha kuhofia. Misuli inayolishikilia imelegea, na watu wetu kwa huruma wanamnyanyua bibi kwa kumvuta mkono ule ule. Linateguka, linauma, na kwa maumivu hayo anakataa mazoezi yote. Mshike kiunoni au mgongoni. Akikaa, mkono uliopooza uwekwe juu ya mto, usining'inie. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo mgongo na makalio vitatoka vidonda, na vidonda hivyo vinaua.

Chakula: akae wima. Wengi baada ya kiharusi wanapata shida ya kumeza, na maji mepesi ndiyo yanayowapalia zaidi. Chakula kikipita njia ya hewa kinaleta nimonia. Kama anakohoa kila anapokunywa, rudini hospitali mwelezwe namna ya kumlisha. Baada ya kula asilazwe haraka.

Halafu mazoezi yenyewe. Usifikirie vyuma. Mpe kazi anazozijua mikono yake. Kuchambua maharage. Kupukuchua mahindi. Kukunja kanga. Afanye kwa mkono dhaifu, ule mzima usaidie tu, kwa sababu mkono usiotumika unasahaulika na mwenyewe: ubongo unajifunza kwamba haupo. Ataangusha maharage. Mwache aokote. Najua unampenda na unataka kumfanyia kila kitu, na ni heshima, bibi halishwi maneno. Lakini upendo unaomfanyia mgonjwa kila kitu unamnyima mkono wake.

Na hili sasa ndilo linalonigusa kuliko yote. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi kinachukua usemi. Bibi anajua anachotaka, lakini neno "maji" halitoki. Watu wanaanza kuongea juu yake kama hayupo, au wanampigia kelele kama kiziwi, au wanasema amerukwa na akili. Hapana jamani. Neno ndilo limefungiwa, bibi yumo ndani. Mwulize maswali ya ndiyo na hapana. Msubiri. Usimmalizie sentensi. Kisha jaribu jambo moja: anza kuimba wimbo wa kanisa anaoupenda, ule wa tangu usichana wake, taratibu. Au anza Salamu Maria, ufike katikati, unyamaze. Wengi wasioweza kuomba maji wanaweza kuendelea na wimbo, na wanaweza kuimalizia sala. Maneno tuliyoyarudia maisha yote, salamu, kuhesabu, sala, pamoja na yale yanayobebwa na wimbo, hayahifadhiwi sehemu ile ile na maneno ya kutunga, kwa hiyo mara nyingi yanaponea. Wataalamu wa usemi wanatumia uimbaji kama tiba kwa sababu hiyo hiyo.

Wewe uliyewahi kulalamika kwamba rozari ni kurudiarudia tu, fikiria hapo. Miaka hamsini ya kurudiarudia, na siku maneno mengine yote yanapochukuliwa, hayo yanabaki. Tena mpe rozari yenyewe mkononi, mkono ule dhaifu, asogeze punje moja moja kwa kidole gumba. Ni sala, na ni zoezi la vidole ambalo mtaalamu yeyote angelikubali. Mimi sioni tena mpaka uko wapi kati ya hayo mawili.

Sasa nije kwenye jambo gumu, na wengine mtanikasirikia.

Kwetu mtu akianguka ghafla namna hii, neno la kwanza mara nyingi si hospitali. Ni "ametupiwa". Anatafutwa mganga, zinachanjwa chale, saa zinakwenda, na katika kiharusi kila dakika ubongo unakufa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na vijijini Hai kati ya 2003 na 2006 ulikuta, umri ukishalinganishwa, wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka wapatao 316 kwa kila watu 100,000 Dar es Salaam, na 109 Hai. Kama ni jirani anayetupa, basi jirani huyo hapumziki. Presha ndiyo inayotupa, jamani, na presha inapimwa hata zahanati.

Wengine hawaendi kwa mganga, wanaenda kwenye mikutano ya miujiza. Vijana wetu Wakatoliki wapo humo, tusidanganyane. Sisemi Mungu hafanyi miujiza. Anafanya, na nimeanza mahubiri haya na mmoja. Ninachosema ni hiki: ukisikia mtu yeyote, awe na kanzu au suti, anamwambia mgonjwa aliyepata kiharusi aache vidonge vya presha ili aonyeshe imani, mtoe bibi yako hapo. Aliyepata kiharusi kimoja yuko karibu sana na cha pili, na vidonge ndivyo vinavyosimama mlangoni. Fungua Yoshua bin Sira, sura ya 38, kitabu ambacho Biblia ya ndugu zetu wengine hawana lakini sisi tunacho. Pale mgonjwa anafundishwa kusali, na kutubu, na kutoa sadaka, kisha kumpa tabibu nafasi yake kwa sababu Bwana ndiye aliyemuumba, naye ndiye aliyetoa dawa katika ardhi. Vyote viwili, katika pumzi moja.

Na muiteni padre. Bado kuna nyumba zinazoogopa kumwita kwa sababu zinadhani Mpako ni tangazo la msiba, "akija padre na mafuta basi tumemaliza". Tangu Papa Paulo VI aliporekebisha utaratibu wake mwaka 1972, Kanisa linasema wazi kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa walio katika dakika za mwisho tu. Ni wa mgonjwa aliye katika hatari kwa ugonjwa au uzee, na unaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Unaona? Hata Kanisa linaweka mikono zaidi ya mara moja.

Neno kidogo kwa waendesha bodaboda, maana kundi hili ni letu. Si wazee tu wanaopooza. Barabara ya kutoka Nyakanazi kwenda Rusumo ina malori mchana na usiku, na kijana asiye na kofia ngumu akianguka anaweza kuumia ubongo au uti wa mgongo akiwa na miaka 22. Vaa kofia, mpe na abiria. Na ukikuta mtu ameanguka, anasema hasikii miguu, msimnyanyue mmoja kichwa mmoja miguu kama gunia. Shingo na mgongo vibaki vimenyooka, abebwe na watu kadhaa kwa pamoja, juu ya ubao au machela.

Turudi chumba cha nyuma. Ni nani hasa anayefanya haya yote? Tuseme ukweli wa nyumba zetu: ni binti. Mjukuu wa kike wa miaka 15, 16, anaambiwa akae na bibi "kwa muda", na muda huo unakula kidato cha tatu. Kaka zake wanakuja kusalimia. Kama wewe ni kaka huyo, kugeuza mgonjwa kila saa mbili kunahitaji nguvu, na nguvu unazo. Si kazi ya kike. Simoni wa Kirene aliyebeba msalaba alikuwa mwanamume, kama hilo linakusaidia.

Wala si kazi ya nyumba moja. Yule mgonjwa wa birikani katika Yohane 5 alikaa miaka 38 katika ugonjwa wake, na alipoulizwa na Yesu kama anataka kupona, jibu lake lilikuwa kwamba hana mtu. Kweli tu: hana mtu wa kumtia majini. Jimboni kwetu aibu hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu tulikuwa na Askofu Christopher Mwoleka, aliyeongoza Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996. Aliacha raha za nyumba ya askofu, akaenda kuishi na wanakijiji wa ujamaa na kulima nao. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kutegua kwa akili. Ni maisha ya kushirikishana ambayo sisi tunapaswa kuyaishi. Jumuiya ndogo ndogo tulizo nazo alizipigania mno. Basi jumuiya yenye kaya kumi na tano au ishirini, na vijana wawili kila kaya, inashindwaje kumpa bibi mmoja saa moja ya mazoezi kila siku, ili binti yule arudi darasani? Pangeni zamu. Mwambieni mwenyekiti aiandike kwenye daftari lile lile la michango.

Na kama baada ya yote hayo mkono haurudi?

Hutokea. Wapo watakaobaki wanaona miti. Kuna kitu kinawapata wengi wao, karibu mtu mmoja kati ya watatu, nacho ni sonona: anakataa kula, anakataa mazoezi, anatazama ukuta. Wengine wanalia au kucheka bila sababu, na watu wanasema ni mapepo. Ni ubongo uliojeruhiwa, na hospitalini wana dawa ya hayo pia. Usimwambie asali zaidi. Kaa naye.

Mnamkumbuka Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyetuanzishia sisi vijana Siku ya Vijana Duniani. Alipokuja Tanzania Septemba 1990 alifika hadi Mwanza, mwanamume mwenye nguvu na sauti kubwa. Baadaye akapata Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili. Mikono ikatetemeka, uso ukakakamaa, akawa anasukumwa juu ya kiti. Jumapili ya Pasaka, 27 Machi 2005, aliletwa dirishani awabariki watu. Kipaza sauti kikawekwa mbele yake, akajaribu kusema. Sauti haikutoka. Uwanja mzima ulimwona akihangaika. Akainua mkono, akachora ishara ya msalaba, akarudishwa ndani. Siku sita baadaye, 2 Aprili, akafariki. Wapo waliosema angefichwa, ni aibu. Yeye hakukubali kufichwa, na Kanisa halikumgeuzia ukutani.

Kwa hiyo bibi atolewe nje. Hata kama hatembei. Kiti kiwekwe kibarazani, aone njia, aone ng'ombe wakirudi, watu wampigie shikamoo na wasubiri aitikie, hata ikichukua dakika nzima. Jumapili mkiweza mbebeni mpaka kigangoni. Wale wanne wa Marko 2 walipanda na mtu wao hadi darini. Sisi ni kumfikisha benchi la mbele tu.

Tusali. Bwana Yesu, uliyemshika kipofu mkono ukatembea naye kwa miguu mpaka nje ya kijiji, leo wamo ndani ya nyumba za Ngara na Biharamulo watu wanaokuita bila maneno. Wewe unawasikia. Mguse bibi huyu, na kesho umguse tena. Mpe nguvu binti anayemgeuza usiku huu, na umpe mtu wa kupokezana naye. Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, maliza pamoja naye sala anayoikwama katikati. Amina.